Gari Lenye Matumbo Matatu

Kwako Dada yangu mkubwa, mwenye cherehani isiyolala na mkono mwepesi wa kofi,

Salamu zangu zikufikie popote ulipo ndani ya nyumba hiyo, uwe umekaa, umesimama au umeinama kutafuta sindano iliyoanguka. U hali gani? Goti lako je, bado linatabiri mvua? Shemeji naye mzima? Mwambie nimemkumbuka yeye, kukoroma kwake bado sijakukumbuka. Watoto wote wasalimie, na yule wa mwisho aliyenitapikia shati siku ya kuondoka mwambie shati lilifuliwa likapona.

Ukitaka kujua hali yangu, mwili hauna neno. Nakula, nalala, na mikono imejaa misuli mpaka fulana zinalalamika. Kilicho na neno ni kichwa. Kichwa changu, Dada, kimekuwa kama pipa ambalo halijachambuliwa: maganda yamo, karatasi zimo, chupa zimo, na kila nikiingiza mkono natoa nisichokitafuta. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia barua ndefu hivi, mimi ambaye barua zangu hazijawahi kuvuka mistari kumi, na mitano kati ya hiyo ni ya kuomba suruali.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Usiifungue mpaka nikuambie. Najua umeshaifungua. Basi ikunje tena, ujifanye hukuiona, na mimi nitajifanya nimekuamini.

Ule mto wa kiti ulionishonea, wa kitambaa cha bluu chenye uzi mweupe pembeni, ulifika salama. Umekaa kwenye kiti cha dereva kana kwamba ulizaliwa pale. Nitaurudia huo mto baadaye, usinikimbize.

Kazi ya gari la taka inaendelea. Nilishakueleza habari za Mzee Honi, yule msaidizi wangu mwenye upara, anayepiga kelele kuliko honi yenyewe. Bado tuko pamoja, na bado hanipi heshima yangu. Nikichelewa dakika mbili ananiuliza kama nilikuwa nachumbia shuka. Namvumilia kwa sababu ya umri wake.

Sasa sikiliza. Alhamisi huwa tunapita barabara yenye shule ya chekechea, ile yenye ukuta wa njano na geti lililochorwa samaki wanaotabasamu. Alhamisi moja mwalimu wao akatoka akasimama mbele ya gari kama askari wa barabarani. Ni mama mfupi, ana kengele ndogo ameifunga mkononi kwa utepe, na akitikisa mkono hata watu wazima wananyamaza. Sisi tunamwita Mwalimu Kengele. Alisema darasa lake linajifunza habari za watu wanaotusaidia na habari za kutunza mazingira. Muuguzi ameshaenda, mtu wa zimamoto ameshaenda, mleta barua ameshaenda, na sasa anamtaka mtu mmoja wa gari la taka aje kuzungumza na watoto. Mzee Honi alisema yeye hana muda wa kuchekwa na watu ambao bado wanafutwa makamasi. Mimi nikasema nitakwenda. Unanijua, Dada, nikiona watu wamekaa kusikiliza, mdomo wangu huanza kuwasha.

Nikaenda nimeoga mara mbili. Darasa lina watoto ishirini na mmoja na viti vya kimo cha sufuria. Nilipokaa, magoti yakanifika masikioni. Ukutani kulikuwa na picha kubwa walizochora wenyewe: muuguzi mwenye sindano kubwa kuliko mgonjwa, mtu wa zimamoto, mleta barua na baiskeli yake yenye magurudumu matano. Pembeni yao palikuwa na nafasi tupu, imebandikwa fremu ya karatasi, ndani hamna kitu. Mwalimu Kengele akaniambia nafasi hiyo ni yangu. Akasema watoto wakishamjua mtu vizuri ndipo wanamchora, na wakishamchora ndipo anabandikwa.

Dada, sikucheka. Nilitaka kucheka nikashindwa. Niliitazama ile fremu tupu nikaona naitaka, na sijui niliitakia nini. Mimi sijawahi kubandikwa popote, isipokuwa jina langu kwenye ubao wa wachelewaji, darasa la sita.

Wakanionyesha mapipa yao matatu. La kijani la maganda na mabaki ya chakula, la bluu la karatasi, la njano la plastiki. Kila wiki mtoto mmoja huchaguliwa kuyasimamia, anavishwa beji ya boksi, lakini kuna msichana mmoja alivishwa mwezi uliopita akakataa kuivua. Huyo wanamwita Mkaguzi. Ana umri wa miaka mitano na uso wa hakimu. Mama yake ni mpishi wa shule, kwa hiyo yeye hufika kabla ya wote na kukagua pipa moja moja. Nilimwona kwa macho yangu akimrudisha mwenzake, mvulana asiye na meno ya mbele wanayemwita Kibogoyo, akachomoe mrija kwenye boksi la maziwa, akaoshe na boksi lenyewe, kisha arudi kuuliza kila kimoja kinaingia wapi. Wanaosha taka, Dada. Wanazianika juani kama nguo za sikukuu.

Kibogoyo akaniuliza nimewaletea nini. Akasema mtu wa zimamoto aliwaletea kofia kila mtu akaivaa, na ana ngazi inayofika ghorofa ya tano. Mimi nilikuwa na glovu mbili, na moja ilikuwa inanuka. Nikasema sisi hatubebi ngazi, sisi tuna gari. Mkaguzi akauliza, wakishachambua taka katika mapipa matatu, gari langu linazipokeaje. Lina matumbo mangapi?

Jibu ni moja. Wewe hujaliona lakini nakuambia: tumbo moja, mdomo mmoja nyuma, unamimina humo ganda na gazeti na chupa, unavuta mkono wa chuma, vyote vinasagwa pamoja vinakuwa uji. Lakini ishirini na mmoja wananitazama, na ile ngazi ya ghorofa ya tano imesimama katikati yetu. Nikasema matatu. Nikasema la kijani, la bluu na la njano, na kila tumbo lina meno yake. Nikaonyesha kwa mikono. Wakapiga makofi mpaka Mwalimu Kengele akatikisa mkono.

Ningeishia hapo, ungekuwa utani mmoja kati ya mingi. Tatizo ni kwamba waliniamini. Alhamisi iliyofuata mapipa yao yalikuwa safi kuliko vyombo vyangu vya kulia, na watoto wamepangwa ndani ya uzio wakipunga mikono. Pale walipo wanaona ubavu wa gari tu, mdomo hawauoni. Nikabeba la kijani nikamimina. Nikabeba la bluu nikamimina juu yake. Nikabeba la njano, vikopo vilivyooshwa vikalia kengelekengele vikianguka kwenye maganda. Nikapunga mkono. Nikaona haya, mimi ambaye haya hunipitia mbali.

Nimemimina taka za mji mzima, Dada. Nimemimina za matajiri na za hospitali na za sokoni, sijawahi kuhisi kitu zaidi ya mgongo. Kwa nini vikopo vya watu wasionifika kiunoni? Nilijiuliza njia nzima. Nikamuuliza Mzee Honi, akasema labda ni minyoo.

Wiki iliyofuata nikafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi. Alfajiri ya Alhamisi, kabla ya zamu, niliazima mkokoteni wa seremala aliye ng'ambo ya ile shule. Nikakatisha mbao mbili ndani, vikapatikana vyumba vitatu. Mlinzi wa shule akanifungulia, nikakusanya yaliyomo katika mapipa, maganda nikampelekea mama mmoja anayefuga mbuzi, karatasi nikampa mwenye kitalu cha miche anayezifinyanga kuwa vikopo vya kupandia, plastiki nikaifikisha kwenye karakana wanakoisaga. Nikarudi mbio, nikaoga, nikaenda kazini kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Lakini gari lilipofika shuleni mapipa yalikuwa matupu, na watoto wako uzioni wanangoja nibebe. Ningefanyaje? Nikaliinua pipa tupu nikajifanya limenielemea. Nikapepesuka, nikaguna, nikashika kiuno. Wakanishangilia. Mzee Honi akachungulia dirishani akauliza nimeingiwa na nini, pipa halina hata nzi. Nikamwambia anyamaze. Wiki tatu nimefanya hivyo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kubeba pipa tupu.

Nikadhani nimeshapata dawa. Nimesema uongo, kisha nikauzunguka kwa nyuma nikaugeuza kweli. Hujawahi kuniona nikijisifu hivyo moyoni, na wewe umeniona nikijisifu sana. Kumbe njia ya mwongo ni fupi hata akiipita na mkokoteni. Mwalimu Kengele akasimamisha gari tena. Akasema wanafunga somo, watoto wamekwisha kunijua, Alhamisi ijayo watatoka nje waone yale matumbo matatu, kisha wanichore.

Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kumwomba Mzee Honi aseme matumbo mawili yako gereji. Alipoelewa habari yote alicheka mpaka ikabidi gari lisimamishwe kando. Akasema gari hili lina tumbo moja, na hilo moja lina kiungulia. Kuhusu kunisaidia alikataa katakata. Akasema yeye ana miaka ishirini na sita kazini, hataanza kuwaongopea watu wanaoosha vikopo.

Siku ikafika. Walitoka wameshika kamba moja, mbele Mkaguzi na beji yake. Mzee Honi akashuka, akavuta mkono wa chuma bila hata kunitazama, mdomo ukafunguka. Mkaguzi akainua kidole akahesabu: moja. Akazunguka upande wa pili. Akainama akachungulia chini ya gari. Akarudi akasema tena, moja. Kibogoyo akanitetea, akasema huenda mengine yamo ndani ya hilo, kama masanduku. Wote wakanigeukia.

Mdomo huu, Dada, ambao ulimwambia mwalimu mkuu kwamba nachelewa shule kwa sababu njia imerefushwa, siku ile ulikauka. Nikangoja uongo uje, huwa unakuja wenyewe, haukuja. Nikawaambia ni moja. Nikasema niliwadanganya, kwa sababu mwenzangu wa zimamoto alikuwa na ngazi na mimi nilikuwa na glovu.

Nilitegemea walie. Mkaguzi hakulia. Alisema yeye alishajua kuna jambo, maana kila Alhamisi akifika hukuta mapipa ni matupu, kisha gari linakuja, kisha mimi nainua pipa tupu huku naguna. Alidhani nina ugonjwa. Alishamwomba mama yake aniwekee uji. Akauliza basi taka zao huwa zinakwenda wapi. Ikabidi niseme habari ya mkokoteni. Mwalimu Kengele alinitazama kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine.

Wakataka kuuona. Tukavuka barabara na kamba yetu mpaka kwa seremala. Mkokoteni ulikuwa umeegeshwa ukutani, na ganda la ndizi limeng'ang'ania ubao wa kwanza. Mkaguzi akahesabu: moja, mbili, tatu. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Kibogoyo akatangaza kwamba basi sikudanganya, matumbo matatu ni haya hapa. Mkaguzi akasema nilidanganya, kwa sababu nilisema gari, na siku niliyosema mkokoteni haukuwapo. Kibogoyo akasema sasa upo. Mkaguzi akasema sasa si siku ile. Darasa likagawanyika nusu kwa nusu, mmoja akamng'ata mwenzake, na seremala naye akaingia upande wa Kibogoyo. Nimekaa na swali hilo siku nne. Asubuhi namwona Kibogoyo ana haki, jioni namwona Mkaguzi. Wewe uliyemaliza shule niambie: uongo ukiutilia magurudumu ukaenda, bado ni uongo?

Hukumu ikatolewa hata hivyo. Darasani kwao kuna kiti karibu na dirisha wanakiita kiti cha kufikiria. Aliyekosa anakaa hapo mpaka ajue alichofanya na amwambie yule aliyemkosea. Nikakalishwa, magoti masikioni, Mzee Honi amesimama mlangoni na chozi la kicheko. Wenzangu wakaanza kunichora. Walipomaliza, Mkaguzi akaniletea picha aone kama nimefanana. Akaniuliza kama nimeshawaambia wote niliowadanganya. Nikasema ndiyo, si wako hapa? Akauliza tena, wote?

Sasa fungua ile karatasi. Ndiyo, ya kijani na bluu.

Kile kikubwa ni gari. Yule mwenye kichwa kinachong'aa, aliyeshika usukani, ni Mzee Honi. Kitu cha bluu alichokalia ni mto wako, wameuchora mpaka na uzi mweupe. Na mimi ni yule kule nyuma kabisa, ninayening'inia kwa mkono mmoja, huo mkono mwingine mrefu kuliko gari ndio unaobeba mapipa. Hawajakosea, Dada. Wamechora wanachokiona kila Alhamisi.

Mimi si dereva. Sijawahi kuwa dereva. Mzee Honi si msaidizi wangu, mimi ndiye wake. Usukani nimeushika mara moja tu, nikiufuta vumbi. Nilikuandikia nimepewa gari kwa sababu ulikuwa umeniuliza kama nimepata kazi ya maana, na wino ukateleza. Nilidhani utafurahi siku moja halafu utasahau. Hukusahau. Uliwaambia wateja wako, Shemeji akawaambia watu wake, kisha siku moja nikapokea kifurushi, ndani yake mto wa kiti cha dereva, umeshonwa kwa mkono pembeni kote. Sikuweza kuukalia nyuma, nyuma hamna kiti. Nikampa Mzee Honi. Alipojua umetoka wapi aliupapasa mshono wote kwa kidole. Akasema mtu anayeshona mshono kama huu hadanganywi.

Nilipoacha shule na sare uliyonishonea bado mpya mwilini, hukunipiga. Uliniambia shule niliyoikimbia itaningoja njiani. Nilicheka. Basi imeningoja, na viti vyake ni vidogo.

Sielewi bado, Dada. Ninapoandika haya nina aibu, na hapo hapo nikiitazama picha natamani uione. Hakuna dereva aliyechorwa mkono mrefu namna ile. Hata yule wa zimamoto hana.

Nafasi yangu ukutani bado ni tupu. Nilimwambia Mkaguzi yuko mtu mmoja nimembakiza, dada yangu. Akasema basi picha haibandikwi. Nimwandikie, nimpelekee aione, na nikirudisha picha pamoja na jibu lake ndipo gundi itafunguliwa. Mwalimu Kengele alijaribu kunionea huruma, akashindwa kwa hoja. Kuanzia Alhamisi ijayo, kila nikifika na mkokoteni, Mkaguzi atakuwa getini akiniuliza kama dada amejibu.

Kwa hiyo nakuomba msamaha, na nakuomba jibu. Nitukane, una haki, lakini nitukane kwa maandishi, na picha uirudishe. Usiipige pasi, rangi itayeyuka. Tena andika herufi kubwa, Dada, zilizoachana. Mkaguzi amesema barua ataisoma mwenyewe, na herufi ndogo bado hawajafika.

Nisalimie Shemeji, na umwambie wewe mwenyewe, mimi naogopa kicheko chake. Wasalimie watoto, na yule wa mwisho mfundishe kuosha vikopo mapema. Mzee Honi anakusalimu, anasema mto hauna mfano. Mungu akulinde na akulainishie goti.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa nyuma ya gari.